Maswali yenu ya kikapu: ule msimu wa mwisho wa Thabeet pale UConn

Toleo lililopita msomaji mmoja aliulizia kidogo kuhusu Hasheem Thabeet, yule senta wetu Mtanzania aliyefika NBA, nikamjibu kwa mistari miwili mitatu nikaendelea na mengine, basi meseji zilizofuata hapo si mchezo. Karibu zote zinauliza msimu ule ule, 2008-09, alipokuwa anamalizia chuo University of Connecticut, wenyewe wanaita UConn. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa huo msimu. Wale mlioniuliza mambo ya ligi zetu za mikoa naomba mnivumilie, yenu nimeyaweka, yatakuja.

Msomaji, Mbagala: Kaka mhariri mambo vipi. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi. Wakubwa wanasema Thabeet alikuwa hatari sana chuoni, sisi vijana tukisachi tunakutana na listi za drafti mbovu za NBA (ile siku timu zinachagua vijana wapya kwa zamu) na jina lake limo. Mi naona urefu tu ndo ulimbeba. Nani yuko sahihi?

Poa mdogo wangu. Wakubwa wako sahihi, na nitakuambia kwa nini, ila kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mnavichanganya. Kuna Thabeet wa NBA, huyo mnayemuona kwenye hizo listi, na kuna Thabeet wa UConn msimu wa 2008-09. Huyu wa pili ni mchezaji mwingine kabisa na mi huwa naumia nikiona watu wanamfuta huyu kwa sababu ya yule.

Angalia namba zake za ule msimu: wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira anayodaka shuti likikosa) na bloku 4.2 (mashuti ya wapinzani anayoyazuia hewani) kila mechi, kwa mechi 36. Bloku nne kila siku unayoingia uwanjani! Na hiyo ilikuwa Big East, ligi ambayo mwaka ule ilikuwa na vyuo 16 na ilikuwa ngumu kuliko zote Marekani. Ushahidi ni kwamba mashindano ya NCAA, yale ya kutafuta bingwa wa vyuo Marekani nzima, yalipopangwa, zile nafasi nne za juu kabisa, kila kanda moja, tatu zilichukuliwa na timu za Big East: Louisville, Pittsburgh na UConn. Ya nne ndo wakapewa North Carolina. Sasa kwenye ligi ya namna hiyo Thabeet akachaguliwa beki bora wa mwaka kwa mara ya pili mfululizo na akawa mchezaji bora wa ligi pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh, walipewa wote wawili. Mtoto wa Dar, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi.

Urefu anao ndiyo, sentimita 221, hamna anayebisha. Lakini mbona warefu wako wengi pale Marekani na hawafiki bloku 417 kwa misimu mitatu? Hiyo ndo jumla yake pale chuoni, na kwenye historia ya UConn aliyekuwa mbele yake ni Emeka Okafor tu mwenye 441. Okafor huyo ndo alibeba ubingwa wa 2004.

Mechi mbili tu ukazitafute ili umalize ubishi kijiweni. Ya kwanza Providence, mwisho wa Januari 2009: pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Bloku kumi! Yaani alifikisha tripo-dabo, kumi au zaidi kwenye vitu vitatu, kwa bloku na siyo kwa asisti (pasi za kufungia). Ya pili Seton Hall, tarehe 14 Februari, pointi 25, ribaundi 20, bloku 9, na ile mechi UConn walishinda 62-54 tu, kwa hiyo usije ukadhani alikuwa anajaza namba kwenye mechi iliyokwisha. Bila yeye ile walikuwa wanaipoteza.

Msomaji, Dodoma: Sasa kama alikuwa mkali hivyo mbona NBA alikwama? Msimu wake wa kwanza Memphis nimeona pointi 3.1 tu kwa mechi.

Pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3, ndiyo hivyo hivyo. Sababu ziko nyingi ila kuna moja ambayo watu hawaizungumzi kabisa na mi naona ndo kubwa, ni sheria. Kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani beki anaruhusiwa kukaa ndani ya boksi chini ya ringi muda wote anaotaka. NBA hapana, tangu 2001 kuna sheria ya sekunde tatu kwa beki, kama hujamkaba mtu kwa karibu unatakiwa utoke mle ndani. Sasa fikiria mtu ambaye silaha yake yote ni kusimama pale chini akingoja, chuoni kocha Jim Calhoun alijenga timu nzima juu ya hilo, magadi wake, wale wachezaji wa nje, wanabana sana huko nje na wakipitwa hawashtuki, maana wanajua anayepita anaenda kukutana na Thabeet. Wapinzani wakawa wakiingia ndani wanasita, wanapiga mashuti ya ajabu ajabu ya kukwepa mkono wake, na hayo mashuti hayaandikwi kwa jina lake kwenye takwimu. Ukiangalia zile mechi utaona, kuna gadi anapita vizuri kabisa, njia nyeupe, halafu anageuza anatoa pasi nje.

Alipofika NBA, hiyo kazi ikabadilika. Inabidi utoke nje umkabe senta anayepiga shuti, urudi, utoke tena. Hilo tatizo hata chuoni lilishaonekana, Georgetown waliwafunga UConn 74-63 mwezi Desemba 2008 palepale kwao Hartford, na Georgetown walikuwa na Greg Monroe, senta kijana anayejua kucheza mbali na ringi na kutoa pasi.

Halafu Memphis alikuta Marc Gasol na Zach Randolph, wakali wawili wa chini ya ringi. Hao wanacheza saa ngapi na yeye anajifunza saa ngapi? Akiwa bado mwaka wa kwanza wakampeleka ligi ya chini kule Dakota, na mwaka uliofuata Februari 2011 wakamuuza Houston. Mtu aliyeanza mchezo akiwa mkubwa alihitaji dakika nyingi uwanjani, akapewa benchi. Mimi sisemi angekuwa Hakeem Olajuwon, yule senta mkali kutoka Nigeria, ila sikubali mtu aniambie hakuwa na kitu.

Na nyongeza moja: kwenye drafti ya 25 Juni 2009 alitoka namba 2 nyuma ya Blake Griffin, namba 3 akawa James Harden na namba 7 Stephen Curry. Ndo maana jina lake linarudiwa kila mwaka kwenye zile listi. Watu wanamhukumu kwa waliokuja nyuma yake. Yeye hakujichagua jamani, walimchagua wao.

Mama wa Tanga: Mwanangu, mie kikapu sikijui, lakini kijana wangu ananambia kuna mechi ya huyo Thabeet ilichezwa hadi watu wakachoka wakaishiwa wachezaji. Nikamwambia muongo. Kuna mechi ya hivyo kweli?

Shikamoo mama. Kijana wako kasema kweli, msamehe.

Ilikuwa tarehe 12 Machi 2009, robo fainali ya mashindano ya Big East, New York pale Madison Square Garden, UConn na Syracuse. Mchezo wa chuo mama ni dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Wakitoka sare wanaongezewa dakika tano, wakitoka sare tena wanaongezewa nyingine tano, hamna penalti kama za mpira wa miguu. Dakika 40 ziliisha 71-71, na hapo hapo Eric Devendorf wa Syracuse alikuwa ametupia la pointi tatu muda ukiwa unalia, karuka mpaka juu ya meza anashangilia, waamuzi wakaenda kuangalia kwenye televisheni wakakuta mpira ulikuwa bado haujatoka mkononi. Wakalifuta.

Basi wakaongezewa. Sare. Tena, sare. Wakaongezewa mara sita! Na kitu cha ajabu kuliko vyote ni kwamba kwenye zile nyongeza tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja, kila mara UConn wanatangulia, Syracuse wanafukuza wanasawazisha. Nyongeza ya sita Andy Rautins akafunga la pointi tatu mwanzoni kabisa, Syracuse wakawa mbele kwa mara ya kwanza tangu dakika 40 ziishe, na wakaondoka hivyo hivyo mpaka 127-117.

Kuhusu kuishiwa wachezaji, kila mchezaji akifikisha faulo tano anatoka harudi. Wanane walitoka siku ile, na Thabeet alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mwishoni UConn walikuwa wanacheza bila mlinzi wao wa pale chini, na mi naamini hapo ndo mechi ilipoondoka. Jonny Flynn, gadi mfupi wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70 akafunga 34. A.J. Price wa UConn alifunga 33.

Mechi ilichukua karibu saa nne, kule iliisha saa saba na dakika 22 usiku, kwa saa zetu ni saa mbili asubuhi ya Ijumaa. Yaani ilianza huku watu hawajaamka kwenda kusali alfajiri, ikaisha wameshafika kazini.

Msomaji, Nairobi: Sasa bro, mimi nimecheki record yao, 31-5. Walikuwa namba moja nchi nzima mara mbili. Mbona hawakushinda championship? Walichoka ama ni nini?

Swali zuri sana hili bro na jibu lake lina jina la mtu mmoja: Jerome Dyson.

Watu wakisema UConn ya 2009 wanamtaja Thabeet, wanamtaja Price, Jeff Adrien, Stanley Robinson, wanamsahau Dyson kwa sababu hakuwepo mwisho. Huyu alikuwa gadi anayefunga pointi kama 13 kwa mechi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kukaba, ndo alikuwa anapewa yule mchezaji wa nje mkali kuliko wote wa timu pinzani. Tarehe 11 Februari wakicheza na Syracuse akaumia goti, msimu ukaishia hapo. Ile mechi wenyewe walishinda 63-49 kwa hiyo siku ile hakuna aliyeshtuka sana.

Sasa kaa na hizi hesabu. Mpaka siku Dyson anaumia, UConn walikuwa wameshinda 23 na kufungwa 1. Baada ya hapo walishinda 8 wakafungwa 4. Timu ile ile, kocha yule yule, Thabeet yule yule. Kati ya vipigo vyao vitano vya msimu mzima vinne vimekuja bila Dyson: Pittsburgh mara mbili, Syracuse kwenye ile ya nyongeza sita, na Michigan State kule Detroit.

Na angalia nani aliwafunga. Pittsburgh ya pili, tarehe 7 Machi, 70-60, aliyewamaliza ni Sam Young, mtu wa pembeni, pointi 31. Syracuse ni Flynn na Devendorf. Michigan State ni Kalin Lucas, gadi pia, 21. Wote hao ndo wa kukabwa na Dyson! Thabeet angeweza kulinda ringi lakini hawezi kuwa chini na nje kwa wakati mmoja. Timu iliyojengwa na milango miwili ukiung'oa mmoja upepo unaingia tu hata kama ule mwingine ni wa chuma.

Pia pengo lake lilimmaliza Price. Huyu Price naye ana historia yake, mwaka 2004 aliwahi kuvuja damu kwenye ubongo akanusurika kufa, halafu Machi 2008 kwenye mechi ya kwanza ya NCAA dhidi ya San Diego akakata ligamenti ya goti, UConn wakatolewa siku hiyo hiyo 70-69 kwenye nyongeza. Kwa hiyo 2008-09 ni msimu wa mtu anayerudi kutoka kwenye oparesheni ya goti, na Dyson alipoumia mzigo wote wa kuanzisha na kufunga ukamwangukia yeye. Aliubeba vizuri sana, mi namheshimu mno.

Kufika kwenyewe Final Four, yaani nusu fainali ya NCAA, haikuwa lelemama. Mechi ya kwanza walimpiga Chattanooga 103-47 na kocha Calhoun hayupo, alikuwa hospitali amepungukiwa maji mwilini, msaidizi wake George Blaney ndo alisimamia. Wakampiga Texas A&M 92-66, wakaenda Glendale kule Arizona wakamtoa Purdue 72-60 na Missouri 82-75. Halafu Detroit, tarehe 4 Aprili, uwanja wa Ford Field ambao kwa kawaida unachezewa mpira wao wa Kimarekani, watu zaidi ya elfu 72, na wengi wa watu hao walikuwa wa Michigan State maana chuo chao kiko jimbo hilo hilo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kama ugenini kabisa. Mpaka mapumziko walikuwa wanakaribiana sana, kipindi cha pili Michigan State wakaanza kukimbia, wanaingiza watu wapya kila dakika kutoka benchi, UConn hawana watu wa kubadilisha. 82-73. Michigan State nao fainali wakapigwa na North Carolina 89-72.

Mi naamini Dyson angekuwepo UConn wangefika fainali. Kuifunga ile North Carolina hilo ni jambo lingine, ile timu ilikuwa nzito.

Msomaji, Arusha: Mkuu kuna klipu moja inazunguka, Thabeet anabebwa mzima mzima anatupwa chini na jamaa mfupi. Ile ni nini na ilikuwa mechi gani?

Ile ni ya tarehe 16 Februari 2009, Hartford, UConn wakiwa namba moja nchi nzima na Pittsburgh wamekuja ugenini. Jamaa "mfupi" ni DeJuan Blair, ana kama mita mbili hivi, mfupi kwa Thabeet tu! Walikuwa wanagombea ribaundi mikono ikanasana, Blair akavuta akamgeuza Thabeet juu ya bega lake akatua chini. Mchezo ulikuwa bado mbichi kabisa. Na kilichoniuma zaidi, siku ile ndo Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22.

Baada ya pale Blair alitawala. Pointi 22, ribaundi 23. Thabeet akaishia na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76-68 na ilikuwa mara yao ya kwanza kwenye historia ya chuo kumfunga namba moja.

Sasa kumbuka nilichosema juu, siku mbili tu nyuma yake Thabeet alikuwa Seton Hall anachukua 25 na 20. Ribaundi 20 Jumamosi, ribaundi 4 Jumatatu. Blair alikuwa na mwili mzito na anakaa chini, anakupiga kiuno kabla mpira haujafika, na mtu mrefu mwembamba ukimsukuma kiunoni urefu wake wote unakosa kazi. Hilo lilikuwa tatizo lake la kweli na sitalificha.

Ila wanaosambaza ile klipu wangeweka na mechi ya marudiano ya 7 Machi. Pittsburgh walishinda tena, ndiyo, lakini siku ile Blair alikabwa, hakuwa na usiku kama ule wa Hartford, ushindi uliletwa na Sam Young. Thabeet alirudi kwa mtu aliyemdhalilisha mbele ya nchi nzima, tena nyumbani kwa huyo mtu, akasimama. Ndo maana makocha wa ligi walipokaa kuchagua mchezaji bora walishindwa kuwatenganisha.

Msomaji, Mwanza: Alifikaje huko? Na alikuwa analipwa shilingi ngapi?

Alisoma Makongo sekondari hapa Dar, akaenda Marekani kumalizia shule Houston, Texas, pale Cypress Christian, ndo UConn wakamchukua 2006. Kulipwa hakulipwa. Enzi zile mchezaji wa chuo anapewa ufadhili wa masomo, chumba na chakula basi, hata tangazo la soda haruhusiwi. Sheria ilibadilika Julai 2021, siku hizi wanaruhusiwa kuingiza hela kwa majina yao. Kwa hiyo alipoondoka mwaka wa tatu badala ya kumaliza wa nne mi namuelewa kabisa, namba 2 ya drafti ni maisha ya familia nzima.

Msomaji, Kigamboni: Eti Kemba Walker alikuwemo humo?

Alikuwemo, mwaka wa kwanza, anatokea benchi. Kwenye ile mechi ya Missouri ya kwenda Final Four alifunga 23, na Missouri walikuwa timu ya kubana uwanja mzima dakika zote, gadi mwenye mbio ndo dawa yao. Miaka miwili baadaye, 2011, akabeba UConn hadi ubingwa. Nikikumbuka kwamba Thabeet na Kemba waliwahi kuwa timu moja najisikia raha na uchungu kwa pamoja.

Msomaji wa kike, Morogoro: Shikamoo kaka. Mimi ni senta, nipo kidato cha tano, mwaka huu nilicheza UMISSETA. Kocha ananiambia nimuangalie Thabeet wa chuo nijifunze kubloku. Niangalie nini hasa? Mimi nabloku lakini napata faulo sana.

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kocha wako anajua kazi.

Kwanza tafuta ile ya Providence na usiangalie mpira, muangalie yeye tu tangu wapinzani wanavuka kati. Utaona haruki mapema. Huo ndo ugonjwa wa masenta wengi wa kwetu, mpinzani akitikisa mpira kidogo ushapaa. Thabeet kwa msimu ule alikuwa amejifunza kusubiri, mikono iko juu tayari, miguu iko chini, anaruka baada ya mpira kutoka mkononi mwa mwenzake. Wewe una faulo nyingi bila shaka kwa sababu unaruka kuelekea mbele, unatua juu ya mtu. Ruka wima, mikono juu, usishushe kiganja kama unapiga mbu. Hata usipougusa mpira umeshaliharibu shuti.

Pili angalia mpira unaenda wapi baada ya bloku. Tunapenda sana kuupiga mpaka kwa mashabiki, watu wanapiga kelele, lakini mpira unarudi kwa wapinzani. Kuna bloku zake nyingi ni za kugusa tu, mpira unabaki uwanjani, Price anaukota wanaondoka. Hiyo inakuwa ni bloku na pointi mbili za kwenu.

Tatu, hii usiikwepe, angalia pia ile ya Pittsburgh ya tarehe 16 Februari, nzima, siyo klipu. Angalia miguu ya Blair. Kila shuti likiondoka Blair hatazami mpira, anatafuta mwili wa Thabeet kwanza, anamkalia, ndo anageuka. Thabeet yeye anatazama juu. Huko UMISSETA utakutana na wasichana wafupi kuliko wewe wenye nguvu za hivyo, kwa hiyo shuti likiondoka tu wewe ndo uwe wa kwanza kumgusa, kunja magoti, mpe mgongo, panua viwiko bila kumpiga, halafu ndo utafute mpira. Mwambie kocha akupe hilo zoezi kila siku mwanzoni mwa mazoezi ukiwa bado una nguvu, mtu mmoja anatupia, wawili mnagombea, mpaka upate tano mfululizo. Na ukishacheza tena nitumie namba zako, ribaundi na faulo zote mbili, nataka kuona kama faulo zimepungua.